KISIWA NA KIZIWI

Kila yanapozuka mazungumzo juu ya fasihi ya visiwani, watu hukimbilia bahari. Watakutajia kusi na kaskazi, watakuhesabia majahazi na mikoko, kisha watakwambia kuwa hayo ndiyo yaliyomfanya Mwamu akawa malenga. Mimi sikubaliani nao. Pwani yetu ni ndefu, na pepo hizo hizo huvuma kuanzia Kiunga hadi Vanga na kupita, lakini si kila mji ulioacha tenzi kama zilizoachwa na Lamu, Pate na Siu. Lau bahari peke yake ingekuwa yatunga mashairi, basi kila ngalawa ingerudi na utenzi wake.

Nionavyo mimi, siri iko katika kukaa. Nyumba za mji wa Lamu zimeshikana ukuta kwa ukuta. Njia ni nyembamba, hata punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja hana budi kumngoja mwenziwe. Juu ya njia kuna wikio, chumba kinachounganisha nyumba hii na ile, na chini mlangoni kuna daka lenye baraza za mawe ambapo watu hukaa jioni. Katika mji kama huo, neno halina pa kupotelea. Shairi likitoka Mkomani asubuhi, Langoni walisikia kabla ya adhuhuri, na jawabu lilikwisha kuanza kupimwa mizani kabla ya magharibi. Tena kisiwa hakina pa kukimbilia. Aliyekupiga kwa beti utakutana naye msikitini, na yule uliyemjibu utakaa naye karamuni. Mtunzi hapati raha ya kunena ovyo akaenda zake, kwa kuwa wa kumjibu wako hapo hapo.

Mombasa nayo ni kisiwa, tusisahau. Muyaka bin Haji aliyezaliwa karibu na mwaka 1776 na kufariki 1840 alitunga katika zama za Wamazrui, juu ya vita, mapenzi, njaa na fitina za mji wake. Akafa bila ya kuona diwani yake. Ni baadaye sana, katika nusu ya pili ya karne ya 19, ndipo Mwalimu Sikujua na yule padri Mwingereza, William Taylor, walipoyakusanya mashairi hayo, na kitabu hakikutoka mpaka 1940. Mtu na ajiulize, miaka yote hiyo kabla ya kukusanywa yalikuwa wapi? Mengi yalikuwa vichwani mwa watu wa Mombasa, wakiambiana wao kwa wao. Mji wenyewe ndio uliokuwa maktaba.

Hata tenzi zinazoonekana kuwa za mtu na nafsi yake hazikutoka nje ya duara hilo. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utenzi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, akimuusia bintiye Mwana Hashima. Ni mama na mwana, chumbani. Lakini kwa nini ukasambaa kote Pwani na kuhifadhiwa na wanawake ambao hawakuwa wanawe? Kwa sababu ulisomwa majumbani, mmoja asoma na wengine wasikiliza, na kila msikilizaji aliyajua mambo yanayosemwa. Na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mwanzoni mwa karne ya 19, aliposimama mbele ya magofu ya Pate akaanza kuuhoji moyo wake katika Al-Inkishafi, waliomsikia walizijua nyumba zile na wenyewe. Mgeni akisoma leo ataona magofu. Wao waliona milango ya jamaa zao.

Jambo hili naliona pia katika riwaya za Unguja na Pemba zilizotoka miaka ya 1970. Mohamed Suleiman Mohamed alipotoa Kiu mwaka 1972, Said Ahmed Mohamed alipotoa Asali Chungu mwaka 1977, na Adam Shafi alipotoa Kasri ya Mwinyi Fuad mwaka uliofuata, kilichonivuta mimi hakikuwa minazi. Kilichonivuta ni kwamba hapana mtu wa riwaya hizo anayefanya jambo bila ya kuwa na mtu wa kuliona na wa kulisema. Hiyo ndiyo hewa ya kisiwani.

Basi mahali, kwa maana ninayoikusudia hapa, ni wale watu unaoweza kuwaambia neno wakalirudisha. Na nikishasema hivyo, siwezi kuliacha jambo jingine ambalo kwa juu laonekana kuwa mbali na tenzi: habari ya watoto wetu viziwi.

Mtoto aliyezaliwa kiziwi katikati ya mji wa Lamu yuko wapi? Macho yake yaona midomo inachezacheza, watu wanacheka, wanakasirika, wananyamaza kwa adhana, wanainuka pamoja. Yote hayo yapita mbele yake kama vyombo vinavyopita mbali na asiviitie. Yuko ndani ya mji ulioshiba maneno, na hana hata moja. Kisiwa chake kina mtu mmoja. Nao watu wa nyumbani, kwa huruma kabisa, humwita bubu, wakadhani wamekwisha kueleza.

Neno hilo bubu limetuponza. Latufanya tuamini kwamba ulimi ndio uliofungwa, na kwamba lugha ni mali ya ulimi. Mtoto kiziwi mara nyingi ulimi wake hauna kasoro yoyote. Hasikii sauti ndipo asiweze kuifuata. Ama lugha, hiyo iko tayari ndani yake kama ilivyo tayari kwa mtoto mwingine yeyote. Mwaka 1991 wataalamu wawili, Laura Petitto na Paula Marentette, walitoa uchunguzi juu ya watoto wachanga viziwi waliozaliwa na wazazi wanaotumia lugha ya ishara. Waliwakuta wakifanya kwa vidole kile ambacho wachanga wetu hukifanya kwa midomo wanaposema ba-ba-ba na ma-ma-ma. Mikono yao ilikuwa ikibwabwaja, katika umri ule ule. Na watoto wa namna hii, wenye wazazi wa kuwajibu kwa ishara, hupita hatua za lugha sawa na watoto wanaosikia: neno moja, kisha mawili, kisha maswali yasiyokwisha.

Lakini watoto wa bahati hiyo ni wachache. Katika hesabu za Marekani, zaidi ya watoto tisa kati ya kumi waliozaliwa viziwi ni wa wazazi wanaosikia, wasiojua ishara hata moja. Na wengine uziwi huwajia baada ya kuzaliwa, kwa homa ya uti wa mgongo au kwa surua. Mtoto huyo hakai bure. Susan Goldin-Meadow, Mmarekani aliyewachunguza watoto wa namna hiyo kwa miaka mingi, aliona kuwa kila mmoja hujitungia ishara zake za nyumbani, tena huzipanga kwa utaratibu, wala hazitupi tupi ovyo. Kasoro ni kwamba mama hujibu kwa sauti. Ishara zinatoka kwa mtoto, lakini hazirudi. Shairi lisilo na wa kulijibu.

Mtaani kwetu nimemjua mtoto mmoja aliyefika miaka tisa akiwa na ishara ya chakula, ya kulala, ya duka, ya baba aliyeko safarini, na nyingine chache. Alikuwa mwerevu wa kutengeneza baiskeli kuliko wakubwa zake. Lakini hapakuwa na njia ya kumweleza kwa nini siku hii watu hawali mchana, wala kwa nini nyanya yake amebebwa na hakurudishwa. Alifunga kwa kuwa wote walifunga. Watu walimsifu kwa tabia njema. Mimi niliona ni mtu anayefuata msafara bila ya kuambiwa waenda wapi.

Sasa nitampeleka msomaji mbali kidogo, mpaka Nicaragua, nchi ya Marekani ya Kati, kwa sababu huko lilitokea jambo ambalo halijapata kuonwa waziwazi namna ile kwingineko. Kabla ya mwaka 1977 viziwi wa nchi hiyo walikaa mbalimbali, kila mmoja nyumbani kwao na ishara zake za jikoni. Mwaka huo ikafunguliwa shule katika mji mkuu, Managua, ikachukua viziwi kama 50. Baada ya mapinduzi ya 1979 wakaongezeka, na ilipofunguliwa na shule ya ufundi, walifika zaidi ya 400 mwaka 1983. Walimu hawakujua lugha ya ishara yoyote. Waliwafundisha watoto kusoma midomo na kutamka Kihispania, na kazi hiyo haikufanikiwa sana.

Lakini watoto walikuwa wakipanda basi pamoja. Walikuwa wakicheza uwanjani pamoja. Huyu alikuja na ishara yake ya nyumbani, yule na yake, wakabadilishana, wakachekana, wakakubaliana. Ndani ya miaka michache, bila ya mwalimu wala kitabu, walikuwa na lugha. Wakubwa wa shule wakamwita mtaalamu wa lugha kutoka Marekani, Judy Kegl, mwaka 1986, aje awaambie watoto hawa wanasema nini.

Na ajabu kubwa ilikuwa kwa wadogo. Wale wa mwanzo walianzisha ishara, lakini waliokuja nyuma yao wakiwa bado wachanga ndio walioitia sarufi. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2004 na Ann Senghas na wenziwe waeleza hivi. Watu walionyeshwa filamu ya katuni ambamo paka, akiwa amemeza tufe, anateremka mtaa kwa kubingirika, kisha wakaambiwa wasimulie. Wanaosikia, wakisema Kihispania huku wakipunga mikono, walionyesha kubingirika na kuteremka kwa mpigo mmoja, kama mkono unavyofuata jicho. Viziwi wa kizazi cha kwanza aghalabu walifanya hivyo hivyo. Lakini waliojifunza baadaye waliukata mpigo ule vipande viwili: kubingirika, kisha kuteremka. Ni kitu kidogo kukitazama. Lakini ndivyo maneno yalivyo. Ukiwa na vipande, waweza kesho kusema kubingirika na kupanda, au kutembea na kuteremka, mambo ambayo hukuyaona kwa macho. Hapo mkono huachana na kuigiza, ukaanza kunena. Na waliofanya hayo ni watoto.

Msomaji asidhani hayo hutokea Ukristoni tu, au katika shule za serikali. Katika jangwa la Naqab kuna kijiji cha Mabedui Waislamu kiitwacho Al-Sayyid, kilichoanza kiasi cha miaka mia mbili iliyopita. Katika miaka ya 1930 walianza kuzaliwa viziwi katika ukoo, maana uziwi wao ni wa damu na watu wanaoana jamaa kwa jamaa. Wataalamu walipoandika habari zao mwaka 2005, walikuwa viziwi kama 150 katika watu kama 3,500. Kijiji kilifanya nini? Kiliongea nao. Ikazuka lugha ya ishara ya kijiji, na wanaosikia wengi wakaijua, wakaitumia dukani na majumbani. Mpango wa maneno yake haufanani na Kiarabu kinachosemwa pale wala Kiebrania cha jirani. Kitendo hukaa mwisho. Hapana aliyewafundisha hivyo.

Na kuna kisiwa. Kinaitwa Martha's Vineyard, karibu na pwani ya Massachusetts huko Marekani, na wenyeji wake walikuwa wavuvi na wakulima. Walowezi waliotoka Uingereza karne ya 17 walikuja na uziwi katika damu yao, na kwa kuwa kisiwani watu huoana wenyewe kwa wenyewe, ukaenea. Katika karne ya 19, ambapo Marekani nzima ilihesabiwa kuwa na kiziwi mmoja kati ya watu 5,728, kisiwani humo alikuwa mmoja kati ya 155, na katika mji mmoja, Chilmark, mmoja kati ya 25. Kila mtu alijua ishara. Wavuvi waliongea kutoka chombo hata chombo, mahali ambapo sauti haifiki. Wenye kusikia walisimuliana visa kwa mikono hata kama hapana kiziwi karibu. Viziwi waliowa na kuolewa, walimiliki mali, walishika vyeo vya mji. Kiziwi wa mwisho wa ukoo wa pale alifariki mwaka 1952. Nora Ellen Groce alipokwenda kuwauliza wazee ili aandike kitabu chake kilichotoka mwaka 1985, wengine ilibidi wafikiri kwanza ndipo wakumbuke kuwa fulani alikuwa kiziwi. Walimkumbuka kwa uvuvi wake.

Nimekaa sana juu ya kisiwa hicho kwa sababu kinafanana na vyetu kuliko tunavyopenda kukiri. Mji mdogo, watu wa bahari, ndoa za jamaa, kila mtu amjua mwenziwe na babu yake. Yale yale yaliyozaa kujibizana kwa mashairi Lamu ndiyo yaliyozaa lugha ya ishara kule. Basi nasi tumekosa nini?

Sikubali kuambiwa kuwa dini yetu ndiyo inayotuzuia. Dini imetutangulia katika jambo hili. Nabii Zakaria, alayhi ssalaam, alipotaka alama kwa Mola wake, aliambiwa kuwa hatasema na watu siku tatu ila kwa ishara. Yamo katika Aal Imran, na katika Maryam tunasoma kuwa aliwatokea watu wake, akawaashiria wamtukuze Mwenyezi Mungu asubuhi na jioni. Huo ni ujumbe mzima wa ibada, umefikishwa kwa mkono, na watu wakauelewa. Bibi Maryam naye, kaumu yake ilipomkabili, hakusema neno. Aliashiria kwa mtoto. Wenye kusoma fiqhi ya Imamu Shafi wanajua kuwa Imamu Nawawi katika Minhaj ameiweka ishara ya bubu katika mikataba mahali pa matamshi. Anauza na kununua, na biashara yake imesihi. Na katika kasri za masultani wa Kituruki kule Istanbul walikuwako watumishi viziwi tangu karne ya 16, na lugha yao ya mikono ikawa lugha ya heshima ya kasri, wenye kusikia wakijifunza. Ama wale wanaochomoa aya za viziwi, mabubu na vipofu kutoka Suratul Baqara wakawapachika watoto hawa, wanaisoma aya kinyume. Waliosemwa mle ni wenye masikio mazima wasiotaka kusikia.

Tulichokosa ni kuwaweka pamoja, tena mapema. Kwetu mtoto akishajulikana kuwa hasikii, miaka ya kwanza huenda kwa kutafuta dawa. Ataenda hospitali, na hiyo ni haki. Kisha atapelekwa kwa mganga, na makombe, na kungojea. Tiba na itafutwe. Chombo cha kusaidia masikio kikipatikana, kivaliwe. Lakini lugha haingoji. Mwaka 1990 Elissa Newport alitoa uchunguzi wa viziwi wa Marekani waliokuwa wametumia lugha ya ishara kwa miaka zaidi ya thelathini. Wale walioipata tangu kuzaliwa waliimudu sarufi yake barabara. Walioipata wakiwa na miaka minne hadi sita walikuwa nyuma yao kidogo. Walioanza baada ya miaka kumi na miwili, hata baada ya miaka thelathini ya kuitumia kila siku, hawakuwafikia. Mzazi anayesema mtoto ataanza ishara akikua amekwisha kumnyima kitu ambacho shule haitakirudisha chote.

Serikali, tuseme haki, imefanya la kwake katika karatasi. Katiba ya mwaka 2010 yaitaja Lugha ya Ishara ya Kenya katika kifungu cha 7 miongoni mwa zinazostahili kukuzwa, na katika kifungu cha 120 yaihesabu pamoja na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Bunge. Lugha hiyo nayo haikutoka ofisini. Katika shule za mwanzo za viziwi nchini kwa muda mrefu walimu walishikilia kusoma midomo, na ishara zikastawi mabwenini na viwanjani, kama kule Managua. Leo tunamwona mkalimani katika pembe ya televisheni wakati wa habari. Vizuri. Lakini mtoto wa Kizingitini ambaye hajapata kukutana na kiziwi mwenziwe, ishara zile kwake ni kama Kichina. Bunge lina lugha yake, yeye hana.

Hapa najua nitatofautiana na baadhi ya walimu ninaowaheshimu. Siku hizi yapendwa kusemwa kuwa kila mtoto mwenye ulemavu aingizwe katika shule ya jirani, akae na wenziwe, asitengwe. Kwa mtoto asiyeona, au asiyetembea, nakubali kwa mikono miwili. Maneno ya darasani yatamfikia. Kwa kiziwi, shauri hilo lina hatari. Kiziwi mmoja katika darasa la watoto sitini, na mwalimu asiyejua ishara, ametengwa zaidi kuliko aliyeachwa nyumbani, maana sasa ametengwa mbele ya watu sitini. Ukitaka achanganyike, wafundishe wale sitini ishara, kama walivyofanya wavuvi wa kule kisiwani. Huo ndio mchanganyiko. Kinyume cha hapo ni kuhesabu vichwa.

Na shule ya bweni ya mbali, bara? Hiyo humpa wenziwe na lugha, na mimi siwezi kuibeza. Lakini humrudisha likizo kwa mama asiyeweza kumwuliza alikula nini. Nimeona vijana wa namna hiyo siku za Maulidi Lamu, wamesimama pembeni wakiongea wenyewe kwa mikono, upesi upesi, wakicheka, na jamaa zao wenyewe wakiwatazama kama watalii. Kijana ana mengi ya kusema, ila mama yake hayajui. Kwa hiyo shauri la shule peke yake halitoshi. Nyumba nzima yapaswa kujifunza, akiwemo nyanya, akiwemo kaka anayejifanya hana wakati.

Nirudi kwenye fasihi, maana ukurasa huu ni wake. Viziwi wanapokuwa pamoja muda wa kutosha hawaishii kwenye kuombana chumvi. Husimuliana ngano, huigana watu, hutaniana, na wako wanaotunga mashairi ambayo vina vyake ni umbo la mkono linalorudiwa, na mizani yake ni mwendo wa mkono hewani. Ukimtazama msimulizi hodari wa ishara utaona nahodha, dhoruba na tanga vikitoka katika mikono miwili, na kila kimoja kina nafasi yake hewani asiyoisahau mpaka kisa kimalizike. Sisi tunaojivunia tenzi tungepaswa kuwa wa kwanza kutambua kitu hicho. Badala yake twasema, wanapunga mikono. Sijui kama kuna mtu aliyekwisha kumweka kijana kiziwi wa Pwani mbele ya kamera akasimulia kisa cha mji wake, kikahifadhiwa kama Mwalimu Sikujua alivyoyahifadhi ya Muyaka. Simu zilizomo mifukoni mwetu zatosha kwa kazi hiyo.

Pia kuna swali la minbari. Khutba ya Ijumaa ni ya watu wote, na kiziwi hukaa safuni akiitazama nyuma ya kichwa cha mtu. Mkalimani mmoja, akiketi pembeni mwa minbari upande unaojulikana, hampunguzii khatibu kitu. Baadhi ya nchi za Waislamu wamekwisha kuzoea. Kabla ya hapo lakini kuna chuo, kwa sababu mtu hafasiriwi maneno ambayo hajapata kuyajua: nini swala, nini nia, kwa nini tunaelekea huku. Haya yafundishwe kwa ishara tangu utoto, na afundishe mtu mwenye kuijua lugha hiyo, ikiwezekana kiziwi mtu mzima aliyesoma, ambao wapo. Hakuhitajiwi jengo. Vyuo vyetu vingi hufungwa tangu Alhamisi jioni na Ijumaa asubuhi, na mikeka hukaa imekunjwa. Watoto wanne au watano wa mitaa ya karibu, na mama zao wakikaa nyuma wakajifunza pamoja nao, wangetosha kwa kuanzia.